Mama Luka: dokta mwenye aligeuka mukubwa wa masomo, kutoka Nebobongo mpaka Nyankunde

Katika vitabu anaitwa Dokta Helen Roseveare. Lakini kuanzia Ibambi na Nebobongo, mu misitu ya Wamba, mpaka Nyankunde karibu na Bunia, watu walimuita Mama Luka. Jina hilo lilitoka mu Biblia: Luka alikuwa munganga, na huyu mwanamuke Mwingereza alikuwa vilevile munganga. Alitumika Congo muda wa miaka 20 hivi, tangu 1953 mpaka 1973. Alikufa tarehe 7 Desemba 2016 huko Ireland ya Kaskazini, akiwa na miaka 91.

Wengi wanamukumbuka kama dokta. Wengine wanamukumbuka kama mumisionari mwenye alishikwa na waasi wa Simba mwaka 1964. Lakini kazi yake yenye ilidumu kuliko zote ni kazi ya masomo. Tangu siku za Ibambi alifundisha vijana Wacongo uuguzi, na miaka yake saba ya mwisho alikuwa mukubwa wa masomo ya wanganga ya Nyankunde. Habari hii inaeleza maisha yake, mazuri na machungu, na kile kilibaki nyuma yake.

Mutoto wa mwalimu

Helen Roseveare alizaliwa tarehe 21 Septemba 1925 Haileybury, Uingereza. Baba yake, Martin Roseveare, alikuwa mwalimu wa hesabu, kisha akawa mukaguzi wa masomo wa serikali. Wakati wa vita ya pili ya dunia, yeye ndiye alitengeneza vitabu vyenye raia wa Uingereza walitumia kupata fungu lao la chakula. Baadaye alihamia Malawi, wakati ule ikiitwa Nyasaland, akaendelea na kazi ya kufundisha huko. Kwa hiyo mambo ya ubao na chaki hayakuwa mageni kwa mutoto wake.

Helen alisoma udaktari ku chuo kikuu cha Cambridge. Huko ndiko alishika imani ya Kikristo kwa nguvu na kuamua kuwa mumisionari. Aliingia mu shirika la WEC, lenye lilikuwa na mizizi mu Congo tangu zamani: muanzilishi wake, Mwingereza C. T. Studd, alifika Congo mwaka 1913, akafa Ibambi mwaka 1931 na akazikwa palepale.

Kwa wakati ule Congo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Dokta mugeni hakuweza kuja tu na diplome yake kutoka Uingereza. Helen alipaswa kwenda kwanza Ubelgiji kujifunza Kifaransa na magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1953 ndipo alifika Ibambi. Kiswahili alijifunza akiwa hapa hapa, pamoja na wagonjwa.

Dokta mmoja, wagonjwa bila hesabu

Ibambi iko mu teritware ya Wamba, jimbo la leo la Haut-Uélé. Mu miaka ya 1950 mugonjwa wa huko alitembea siku nzima, mara nyingine siku mbili, mpaka kufika ku dokta. Malaria, minyoo, ukoma, vidonda, kuhara kwa watoto, mama kushindwa kuzaa: magonjwa yalikuwa yale yale yenye wakaaji wa mashariki wanajua mpaka leo.

Mama Luka aliona mapema kama hesabu haiwezi kutoka. Dokta mmoja, hata asipolala, hawezi kufikia vijiji vyote. Tena wagonjwa wengi wenye walimufikia walikuwa na ugonjwa wenye ungeponyeshwa ku kijiji, kama tu kungekuwa mutu mwenye kujua kuupima na kutoa dawa kwa wakati. Mama mwenye damu inatoka hawezi kungoja siku mbili za njia.

Mawazo yake yalikuwa haya: kufundisha vijana wa eneo lenyewe, wapite mutihani wa serikali, kisha warudi ku vijiji na kufungua dispanseri ndogo. Kazi ya kila siku ingefanywa nao. Dokta angepita kuwatembelea, na wagonjwa wenye hali nzito ndio wangepelekwa ku hospitali. Muuguzi angefundisha vilevile mambo ya maji safi, vyoo na chakula cha watoto, juu kuzuia ugonjwa ni rahisi kuliko kuuponyesha.

Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Kila mutu anajua senta ya afya ya kwao na muuguzi mwenye kuisimamia. Lakini ilikuwa mwaka 1978, ku mukutano wa Alma-Ata, ndipo mataifa yalikubaliana juu ya afya ya musingi yenye kuanzia ku kijiji. Zaïre ilipanga mazoni ya afya mu miaka ya 1980, na leo nchi iko na mazoni zaidi ya 500. Katika Wamba ya 1953 wazo hilo halikupendeza kila mutu. Hata ndani ya shirika lake kulikuwa wakubwa wenye waliona kufundisha uuguzi ni kupoteza wakati wenye ungetumiwa kwa kazi ya kuhubiri. Alianza hata hivyo, na vijana wachache, na wale wa kwanza walipita mutihani wa serikali.

Matofali ya Nebobongo

Mwaka 1955 shirika lilimuhamisha Nebobongo, kilometa kama 11 kutoka Ibambi. Fasi hiyo ilikuwa na kambi ya wagonjwa wa ukoma, watoto yatima na maternite ndogo. Hakukuwa hospitali ya kweli. Mama Luka alipaswa kujenga upya na kuanzisha masomo tena.

Hakukuwa makuta ya kununua vifaa. Walifanya matofali wenyewe: kuchimba udongo, kukanyaga, kupanga tanuru, kuchoma, kubeba. Dokta alifanya kazi hiyo pamoja na wafanyakazi. Yeye mwenyewe alisimulia namna siku moja alikuwa ku tanuru, matofali yamemukwaruza mikono mpaka damu, kisha wakamuita mbio kwa kupasua mugonjwa. Kunawa mikono yenye vidonda kwa dawa kali kulimuumiza sana, akalalamika kwamba hakuja Congo kwa kubeba matofali.

Jibu lenye alipata kwa wafanyakazi lilimugeuza. Walimuelezea kama akiwa mu chumba cha kupasulia wanamuogopa, juu pale yeye ni mukubwa mwenye kujua mambo yenye wao hawajui. Lakini ku tanuru, akitoka damu ku vidole sawa wao, wanamuona kuwa ndugu yao. Tangu siku ile, alisema, alielewa kama kukaa chini na watu haikuwa kupoteza wakati wa kazi. Ilikuwa sehemu ya kazi.

Hakuwa mutu rahisi. Yeye mwenyewe aliandika kama alikuwa na hasira ya mbio, alipenda kila kitu kifanywe namna yake, na alichoka mpaka kugombeza wagonjwa na wauguzi. Wakati mmoja alikwenda kupumuzika kwa pasta mmoja Mucongo. Pasta huyo alimuambia bila kumuficha kwamba watu wanamuona Helen kupita kiasi, mpaka ujumbe wenye amekuja kuleta hauonekani. Kwa miaka ile ya ukoloni haikuwa kawaida Mucongo kumuambia muzungu maneno kama hayo uso kwa uso. Mama Luka alimusikiliza, na miaka mingi kisha bado alikuwa anasimulia habari hiyo mbele ya watu, bila kujitetea.

Kulikuwa vilevile uchungu kutoka kwa wenzake. Mwaka 1957 shirika lilimuweka dokta kijana, mwanaume mwenye alikuwa amefika mupya, kuwa mukubwa wa hospitali yenye yeye alijenga. Hakukosa ujuzi wala miaka ya kazi. Mwaka 1958 alirudi Uingereza kwa muda, na mwaka 1960 akarudi Nebobongo.

Uhuru ulipofika

Tarehe 30 Juni 1960 Congo ilipata uhuru. Ukoloni ulikuwa umefundisha wauguzi na wasaidizi wa madokta, lakini nchi iliingia mu uhuru bila dokta Mucongo mwenye diplome kamili. Madokta wengi Wabelgiji walikimbia mu wiki chache baada ya maasi ya jeshi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisaidia kupeleka wasaidizi wa madokta Wacongo Ufaransa ili wamalize udaktari. Wakati wa kuwangoja, hospitali za ndani ya nchi zilibaki mu mikono ya wauguzi.

Pale ndipo faida ya masomo ilionekana. Fasi yenye muuguzi mwenye kufundishwa alikuwa, mulango wa dispanseri ulibaki wazi. Fasi yenye kila kitu kilimutegemea dokta mugeni, mulango ulifungwa siku ile alipanda ndege. Mama Luka alibaki, na kwa miaka hiyo alikuwa kati ya madokta wachache sana wenye walikuwa wangali wanatumika mu eneo lile kubwa.

Mwaka 1964

Mwezi wa Agosti 1964 waasi wa Simba walikamata Stanleyville, Kisangani ya leo. Kisha siku chache walifika Nebobongo. Mama Luka alikaa chini ya mamlaka yao kwa muda wa miezi karibu tano.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1964 alipigwa vibaya na kubakwa. Hakuficha jambo hilo. Aliliandika na kulisimulia mbele ya watu, mu miaka yenye wanawake wengi sana, Wacongo na wageni, walinyamaza juu ya haya na hofu. Alieleza vilevile namna alisaidia wanawake wengine wenye walipitia jambo lile lile, wenye walikuwa wanaamini kama maisha yao yameharibika na kama mbele ya Mungu wamepoteza heshima. Aliwaambia kama kosa ni la mwenye kutenda, hapana la mwenye kutendewa. Wakaaji wa mashariki, wenye wamesikia ushuhuda wa wanawake na wasichana wengi tangu vita za miaka ya 1990, wanajua uzito wa maneno hayo.

Kuna habari ingine yenye alisimulia mara nyingi. Waasi walimupeleka mbele ya wanaume mamia wa eneo lile, wakitaka wamuhukumu na kumuchekelea. Watu hao walikuwa wamelazimishwa kuja. Lakini walipoona uso wake wenye kuvimba, na kutambua ni dokta mwenye alizalisha wake zao na kutunza watoto wao, walianza kulia. Kwa namna alivyoeleza, walisukuma waasi pembeni wakasema kwamba huyu ni wao. Alikuwa ameishi nao miaka kumi na moja akijulikana kama muzungu wa misioni. Siku ile, alisema, ndipo alijua kama wamemupokea.

Katika siku zile zile, na mu eneo lile lile, watu wengi walipoteza maisha. Sista Anuarite Nengapeta, mwenye kuzaliwa Wamba na mwenye alikuwa mwalimu Bafwabaka, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 juu alikataa kubakwa. Wamisionari wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti waliuawa, na Wacongo bila hesabu, kati yao walimu, wauguzi na watumishi wa serikali. Majina ya wengi wao hayakuandikwa fasi yoyote.

Mama Luka aliokolewa tarehe 31 Desemba 1964, wakati jeshi la serikali pamoja na mamluki lilifika. Alirudishwa Uingereza. Hakuna mutu mwenye angemulaumu kama angebaki kwao.

Kurudi, na kuanza upya Nyankunde

Alirudi mwaka 1966. Wauguzi wenye alifundisha walikuwa wamebaki peke yao, wengine wameuawa, madawa yameporwa, majengo yameharibika. Mwaka ule ule kulitoka kitabu chake juu ya maisha yake mu Congo.

Kwa wakati huo mashirika kadhaa ya Kiprotestanti yaliamua kuunganisha nguvu. Badala ya kila misioni kuwa na hospitali ndogo yenye kukosa madokta, wangejenga kituo kimoja kikubwa Nyankunde, mu teritware ya Irumu, kilometa kama 45 kutoka Bunia. Kituo kiliitwa Centre Médical Évangélique, CME. Kati ya waanzilishi alikuwa dokta Mumarekani Carl Becker, mwenye wakaaji wa Beni wanamujua kwa kazi yake ya miaka mingi Oicha, zaidi sana kwa wagonjwa wa ukoma.

Mama Luka alipewa kazi ya kuanzisha masomo ya wanganga. Alifika na kukuta hakuna majengo ya masomo. Sawa vile Nebobongo, walianza na mikono: wanafunzi wa kwanza walijenga pamoja na mukubwa wao. Muchana kazi ya kujenga, saa zingine kufundishwa, kisha kwenda ku hospitali kujifunza karibu na kitanda cha mugonjwa.

Kazi ya mukubwa wa masomo

Wenye wametumika kama prefe ao direkta mu masomo ya mashariki watatambua kazi yake mara moja. Kufundisha ilikuwa sehemu moja tu. Alipaswa kutayarisha masomo kwa Kifaransa kwa wanafunzi wenye vitabu havikuwafikia. Alipaswa kutafuta chakula cha internati, mabati, vitanda, mafuta ya mashini. Alipaswa kupanga nani anaingia na nani anabaki inje, na kila jamaa lilikuwa na kijana wake wa kutetea. Alipaswa kufuatilia kibali cha serikali ili diplome ya Nyankunde itambuliwe nchi nzima, na kazi hiyo ya kuandika barua, kungoja wakaguzi na kuandika tena ilimuchukua miaka.

Alishikilia jambo la kibali kwa sababu moja ya wazi. Muuguzi bila diplome yenye kutambuliwa anaweza kutumika maisha yake yote kama musaidizi, na mushahara wa musaidizi. Akihama misioni, hana kitu. Mwenye diplome ya serikali anaweza kutumika Bunia, Kisangani ao Kinshasa, na kusimama mbele ya dokta yeyote kama mutu wa kazi.

Nyankunde ilikua. Hospitali ilifika vitanda kama 250, na kwa kutumia ndege ndogo madokta walitembelea hospitali na dispanseri za mbali fasi ambapo barabara hazipitike wakati wa mvua. Ndani ya dispanseri hizo, mwenye kumupokea dokta alikuwa muuguzi Mucongo, na mara nyingi alikuwa mwanafunzi wa Nyankunde. Wazo la Ibambi lilikuwa limepata mwili.

Mugomo wa mwisho

Habari nyingi za kumukumbuka mutu zinaishia hapo. Yake haiwezi, na yeye mwenyewe hakupenda iishie hapo.

Mwaka 1973, wakati alikuwa anajitayarisha kuondoka na kuacha masomo mu mikono ya wengine, kulitokea mugogoro mukali kati ya uongozi na wanafunzi juu ya pesa. Wanafunzi waliona kama kuna makuta yenye ni haki yao na hawayapati. Walifanya mugomo, na maneno ya kumushitaki yalisemwa. Mama Luka alijiuzulu ukubwa wa masomo. Siku za kuaga, zenye zilipaswa kuwa siku za furaha kwa kumaliza miaka 20, zilikuwa siku za machozi.

Inafaa kukumbuka wakati ule ulikuwa namna gani. Tangu mwaka 1971 nchi ilikuwa inaitwa Zaïre. Ilikuwa miaka ya kurudia majina na utamaduni wa kiafrika, na vijana mu masomo mengi waliuliza nani anashika sanduku la pesa na nani anaamua. Kuuliza hivyo kwa mukubwa muzungu wa misioni haikuwa ajabu. Pengine ni yeye mwenyewe, kwa kuwafundisha kuwa watu wa kazi wenye kusimama bila kuogopa, aliwatayarisha kuuliza. Hiyo haikupunguza uchungu wake. Aliandika juu yake waziwazi mu kitabu chake cha mwaka 1976, chenye kuhusu miaka ya Nyankunde, bila kujifanya mushindi.

Walimu wengi wa mashariki wanajua jambo hili. Prefe anatumika miaka makumi, anafundisha baba kisha watoto, na siku ya mwisho anatoka ofisini kwa mabishano ya minerval ao ya prime. Kijiji kinakumbuka mugomo, kinasahau miaka. Kiisha, taratibu, watu wanaanza kuhesabu upya: huyu muuguzi alitoka wapi? Yule mwalimu nani alimusomesha?

Kwa Mama Luka hesabu hiyo ilifika. Mu mwisho wa miaka ya 1980 alirudi kutembelea Congo, na safari hiyo ikafanyiwa filamu, Mama Luka Comes Home. Wauguzi wenye alifundisha walikuwa watu wazima sasa, wenye kuongoza kazi na kufundisha wengine. Wale wa eneo la Nebobongo walimupokea kama mutu wa kwao mwenye amerudi nyumbani.

Wakati kuta zilianguka

Jaribu kubwa la kazi ya Nyankunde lilikuja yeye akiwa mbali. Tarehe 5 Septemba 2002, wakati wa vita ya Ituri, watu wenye silaha walishambulia Nyankunde. Shirika la Human Rights Watch liliandika kama watu wasiopungua 1,200 waliuawa kwa muda wa siku kumi hivi. Wagonjwa waliuawa hata mu vitanda vyao. Hospitali iliporwa na kuharibiwa, pamoja na vitabu na vifaa vya miaka zaidi ya 35.

Wenye waliweza kutoka walikwenda kwa miguu, siku nyingi, kupitia pori mpaka upande wa Oicha na Beni. Kati yao walikuwa wauguzi na wafanyakazi wa hospitali, wenye walitembea na wagonjwa, mama na watoto. Walipofika hawakuwa na jengo, kitanda wala mikroskopu. Lakini kazi ilianza tena palepale ku wakimbizi, juu wale wenye kujua kazi walikuwa wamefika.

Baadaye kazi ilirudishwa vilevile Nyankunde yenyewe. Jina la Nyankunde lingali linabebwa na masomo ya wanganga mpaka leo. Na wakati Ebola iliingia Beni, Butembo, Mambasa na fasi zingine, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200, wa kwanza kukutana na mugonjwa mwenye homa hakuwa dokta kutoka mbali. Alikuwa muuguzi wa senta ya afya. Wauguzi wengine walikufa mu kazi hiyo.

Kumukumbuka namna gani

Mama Luka hakuwa peke yake. Wachimba udongo wa Nebobongo, pasta mwenye alimuambia ukweli, wauguzi wenye walibaki ku kazi wakati wa Simba, wanafunzi wenye walijenga nyumba zao wenyewe Nyankunde: bila hao hakuna masomo. Yeye ana vitabu na filamu, juu alikuwa muzungu mwenye kuandika. Wao hawana, na hilo ni jambo lenye wakaaji wenyewe wanaweza kurekebisha.

Mu masomo mengi ya Ituri, Haut-Uélé na Kivu, prefe wa kwanza ao direkta wa kwanza angali anakumbukwa na wazee tu. Daftari za majina zimechomwa mu vita ao zimeliwa na muchwa. Kabla wazee hao hawajaondoka, mutu mmoja mu kijiji anaweza kukaa nao na kuandika mambo machache: jina kamili la mukubwa huyo, alitoka wapi, aliingia mwaka gani, alijenga nini, alifundisha nani, alitoka namna gani. Kuandika vilevile makosa na mugomo, kama vilikuwa. Kuandika majina ya wanafunzi na fasi wako leo.

Sababu ndiyo njia ya kupima kazi ya mukubwa wa masomo. Majengo ya Nyankunde yalianguka kwa siku chache mu 2002. Wenye walisoma ndani yao walitembea kwa miguu mpaka Oicha, na ujuzi wao mu kichwa.

Tarehe za kukumbuka

1925: Helen Roseveare anazaliwa Haileybury, Uingereza.
1953: anafika Ibambi, anaanza kufundisha wauguzi.
1955: anahamia Nebobongo, anajenga hospitali.
1960: uhuru wa Congo, anabaki ku kazi.
1964: waasi wa Simba wanafika Nebobongo mwezi wa Agosti, anaokolewa tarehe 31 Desemba.
1966: anarudi, anaanzisha masomo ya wanganga Nyankunde.
1973: anajiuzulu na kurudi Uingereza.
2002: Nyankunde inashambuliwa, wauguzi wanakimbilia upande wa Oicha na Beni.
2016: anakufa tarehe 7 Desemba huko Ireland ya Kaskazini.